Bei ya Februari

Mjomba wangu akipiga simu mwezi wa pili, najua kabla sijapokea. Miezi mingine hubipu tu, nami nampigia. Februari anapiga mwenyewe kwa salio lake, anasalimia nyumba nzima, anauliza mvua za Dar zikoje, anauliza kama kitinda mimba wangu ameshaota meno, kisha ananyamaza. Kile kimya ndicho kina gharama.

"Kiasi gani, mjomba?"

"Hata themanini tu, mpwa wangu."

Mwaka huu nilituma siku hiyohiyo, na ya kutolea juu. Msinisifie. Nyumbani najulikana kwa ubahili, na dada zangu wana jina la utani wameniwekea ambalo siliandiki hapa. Nilituma kwa sababu ya hesabu moja niliyoipiga mwaka 2017, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia aibu masikioni.

Kwetu ni Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Ukisimama Shimo la Mungu asubuhi isiyo na ukungu unaliona bonde la Ruvuma lote, na ng'ambo yake Msumbiji. Mjomba ana mikorosho sitini na kidogo. Sisi ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo mjomba ni mzazi kamili, na shida yake ikifika kwangu nusu inakuwa yangu. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Kutwa nzima naandika nani amechukua misumari, nani anadaiwa mabati, mzigo upi umelipiwa na upi bado. Nayasema haya ili mjue kwamba fedha za watu wengine ndizo kazi yangu, na hata hivyo za mjomba zilinipita mbele ya macho.

Februari 2017 binti yake alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule yenye hosteli, mbali na kijijini. Ada ilikuwa imefutwa tangu mwaka uliotangulia, lakini ada haikuwahi kuwa mzigo wenyewe. Palikuwa na godoro, sanduku la bati na kufuli lake, ndoo mbili, jembe, sare mbilimbili, viatu vyeusi, nauli. Jumla shilingi 150,000. Alinipigia. Mwezi huohuo mwenye nyumba wangu wa Mbagala alikuwa anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nami nikamwambia mjomba asubiri mshahara. Shule zilikuwa zimefunguliwa tangu Januari, wenzake binti wameshapewa namba za madawati, yeye yuko nyumbani anatwanga. Mjomba hakusubiri. Alikwenda kwa mtu wa kangomba.

Kwa asiyetoka kusini: kangomba kwanza ni kipimo. Ni bakuli au kopo la kupimia korosho badala ya mizani, na likijazwa hujazwa kwa kichuguu, mpaka korosho za juu zianze kuporomoka. Husemwa kuwa ni kilo. Jina likatoka kwenye bakuli likahamia kwenye biashara yenyewe: mtu anakupa fedha wakati mikorosho bado ni majani matupu, na msimu ukifika unampimia korosho zake kwa bakuli lile. Wenzetu wa ufuta huita chomachoma. Ni kosa kisheria, viongozi huikemea kila msimu kwenye mikutano, na kila Februari inafanyika, kwa sauti ya chini, uani, kama watu wanaopeleka posa.

Makubaliano ya mjomba yalikuwa shilingi 1,000 kwa bakuli. Fedha 150,000, bakuli 150. Binti akaenda shule.

Novemba nilikwenda nyumbani kwa ajili ya arobaini ya bibi. Nikamkuta mjomba uani anapima, yule bwana amechuchumaa mbele yake anahesabu kwa vijiti. Walikuwa wanaongea habari za mpira, wanacheka. Walipomaliza niliazima lile bakuli, nikalijaza kwa kichuguu kama wao walivyojaza, nikaenda nalo mpaka kwenye chama cha msingi cha ushirika palipokuwa na mizani. Kilo moja na robo. Bakuli 150 zilikuwa kilo 187 na nusu. Mwaka ule ndio mwaka ambao korosho zilitutia wazimu. Minadani bei ilipita shilingi 3,500 kwa kilo, na kwa mkulima, makato yote yakishatolewa, ilibaki kama 3,300. Nikatoa simu nikazidisha. Shilingi 618,750.

Mjomba alikopa 150,000 akalipa 618,750, ndani ya miezi tisa.

Nilirudi nyumbani moto. Nikamwonyesha namba kwenye kioo cha simu, nikamweleza riba ni zaidi ya mara tatu ya mkopo wenyewe, nikamwambia dukani kwetu tukimkopesha mtu hivyo tutaitwa majambazi. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Hiyo ni bei ya Novemba, mpwa wangu. Mimi niliuza kwa bei ya Februari."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemchukulia kama mtu asiyejua hesabu, kumbe hesabu aliijua vizuri kuliko mimi. Alijua bakuli si kilo. Alijua msimu huenda ukawa mzuri. Alichokuwa nacho mezani ni mtoto aliyekosa shule wiki ya sita, na mezani hapo shilingi 150,000 za Februari zilikuwa na uzito ambao laki sita za Novemba hazina. Na mimi, niliyekuwa na mshahara, nilikuwa nimemwambia asubiri.

Tangu siku ile namtazama tajiri yangu kwa jicho jingine. Ni mtu mwema, aliyeanza na toroli, na simsemi vibaya. Lakini utajiri wake wote, ukiufungua daftari kwa daftari, ni kusubiri. Mabati na nondo huletewa na wauzaji wakubwa kwa mali kauli: mzigo unashushwa leo, atalipa baada ya siku 45, pengine 60, bila riba. Kabla siku hazijatimia ameshauza, fedha za watu zimezunguka mikononi mwake mara mbili. Masika wajenzi wakipungua na bei ikalegea, anajaza stoo. Kiangazi anaifungua taratibu. Mteja akibana bei, tajiri anasema "basi acha" na anaendelea kunywa chai yake, kwa sababu nondo haiozi na yeye hana mtoto aliyekosa sare.

Mali kauli na kangomba ni nguo moja iliyogeuzwa ndani nje. Zote ni ahadi ya mdomo baina ya watu wanaofahamiana. Mmoja anapewa mali kwanza alipe baadaye, na muda wa katikati ni faida yake. Mwingine anapewa fedha kwanza atoe mali baadaye, na muda huohuo wa katikati unamla robo tatu ya jasho. Mjomba si mvivu kuliko tajiri yangu. Nimewaona wote wawili saa kumi na mbili asubuhi.

Nalisema hilo la uvivu kwa makusudi, kwa sababu nalisikia sana. Pale dukani kuna kijana wa kutoka mkoa mmoja wa kaskazini, simtaji, ambaye kila Desemba akiniona naomba likizo husema, "Watu wa kusini nyie, korosho ikilipwa ni ngoma mpaka ziishe." Na hasemi uongo mtupu. Mwaka huohuo wa 2017 binamu yangu alinunua pikipiki, na muziki wa spika mbili zinazofika kiunoni, wakati nyumba yake haina umeme. Spika zilikwenda Januari 2019 kwa bei ya kutupa. Unyago wa mpwa wetu mwingine ulilisha watu siku tatu. Nilikula mimi pia.

Ila nimeshika daftari miaka mingi na nataka kijana wa kaskazini ajaribu jambo moja. Mshahara wako wote wa mwaka ulipwe siku moja, tarehe inayojulikana na kijiji kizima. Miezi kumi na moja kabla yake umeishi kwa kukopa sukari, chumvi, dawa, nauli ya kwenda hospitali, na kila uliyemkopa anaijua tarehe hiyo kuliko wewe. Siku fedha zinapoingia mlango wako una foleni. Mjomba asipotoa kwenye unyago wa mpwa wake, Februari ijayo hatakuwa na mtu wa kumwendea kabla ya mtu wa kangomba. Ngoma ile ni michango iliyopigiwa ngoma. Spika za binamu sizitetei. Zile zilikuwa ujinga.

Na Februari si mwezi pekee. Kuna Julai. Julai mikorosho inatoa maua, na ndiyo wakati ubwiri unga unapoingia: unga mweupe kwenye maua na majani machanga, baada ya muda ua linakauka jeusi na pale hapatakuwa na korosho hata moja. Dawa yake ni salfa, ipuliziwe mapema, irudiwe baada ya wiki chache. Siku hizi salfa hutolewa kwa ruzuku na hilo limesaidia, lakini mwaka ule mjomba alilazimika kuikopa, na Julai ni mwezi ambao fedha za Novemba zilikwisha tangu Machi. Mwaka alioingia kwenye kangomba mjomba alipulizia upande mmoja wa shamba. Upande wa pili alisema Mungu ataona. Shamba lote likatoa magunia matano na nusu, mawili na kitu yakaenda kwenye bakuli, kidogo kikaenda kwa aliyemkopesha salfa ile nusu. Sasa hesabu mwenyewe Februari iliyofuata.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mabondeni hawalijui: maji. Uwandani kwetu maji yako chini mno. Mradi wa Makonde umekuwepo tangu enzi za Mwingereza, unasukuma maji kupanda mlima, na kuna siku hayapandi. Nyumba zenye uwezo zina shimo la saruji la kuvunia mvua kutoka kwenye bati. Mwenye nyumba ya nyasi hana bati, hana cha kuvunia. Kwa hiyo Oktoba, mashimo yakishakauka, asiye na bati ndiye anayenunua ndoo kwa bei kubwa kuliko mwenye bati. Nimeandika kwa ufupi, lakini ukitaka kumwelewa mjomba hilo lizidishe kwa ndoo nne kila siku.

Babu, baba yake mama, hakuwa hivi. Alipanda mikorosho mingi, safu kwa safu, na mama husimulia kuwa walikuwa wakinywa chai ya maziwa ya kopo, jambo ambalo mimi nimelifahamu nikiwa mtu mzima. Korosho za Tanzania zilifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, na nyingi zilitoka huku kwetu. Kisha watu wakahamia vijijini. Babu alihamishwa mwaka 1974, akapewa kiwanja barabarani, mikorosho ikabaki saa mbili kwa miguu. Sisemi hakukuwa na sababu. Shule niliyosoma mimi ilijengwa katika kijiji kile, na zahanati pia. Lakini mkorosho hauokotewi kwa mbali. Nyasi zikapanda, korosho zikaangukia majanini, moto wa kiangazi ukazila. Bei aliyolipwa mkulima ikawa haitoshi hata kumshawishi mtu aende kufyeka. Ubwiri unga ukaja juu ya hayo yote. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inakusanya chini ya tani 20,000. Babu alikufa akiwa na mikorosho mingi na hana korosho.

Katika miaka hiyohiyo ndipo vilipokuwa vinajengwa viwanda. Hili kila nikilisoma natikisa kichwa. Nchi ilikopa, ikaleta mitambo ya Kiitalia na ya Kijapani, viwanda vya kubangua vikafika 12, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vya mwisho vilipokamilika, korosho za kubangua zilikuwa zimekwisha. Deni halikuisha. Baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, na kadhaa vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Kusini tumezoea mambo kuja nyuma mbele: Nachingwea Waingereza walileta matrekta ya kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakajenga na reli, karanga zikagoma, reli ikang'olewa. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile ndiyo leo inayopakia korosho. Angalau hiyo ilibaki.

Watu huuliza, kwa hasira ya haki, kwa nini tunapeleka korosho na maganda yake India na Vietnam, wabangue wao, sisi tununue pakiti dukani kama wageni. Kila mgombea amelisema. Mimi pia nililisema, mpaka nilipoketi kulipigia hesabu kama ninavyopiga za duka.

Korosho zetu zinaokotwa Oktoba mpaka Januari, sehemu nyingine zinawahi kidogo. Mwenye kiwanda Mtwara anayetaka wafanyakazi wake wabangue mwaka mzima lazima anunue mzigo wa mwaka mzima katika miezi hiyo michache. Mnadani analipa taslimu. Kisha mzigo unalala ghalani, na fedha aliyonunulia ni ya benki, na benki haijui msimu, inataka riba kila mwezi kwa gunia ambalo halijafunguliwa. Mwenzake wa India anachukua za kwetu mwisho wa mwaka. Ikifika Februari au Machi anageukia Afrika Magharibi, Ivory Coast na Guinea-Bissau, ambako ndio kwanza wanaanza kuokota. Hakuna mwezi anaolala juu ya mzigo wa mwaka. Fedha yake ni ya riba nafuu, mitambo yake haipoi, mafundi wake hawatawanyiki. Mbanguaji wetu akifika Mei yuko hoi. Naye anauza alichonacho, kwa bei ya siku hiyo, ili alipe benki.

Yaani ni mjomba tu, mwenye suti.

Mama yangu alibangua. Unakaanga korosho juu ya bati lililotobolewa matundu, ganda linawaka lenyewe kwa mafuta yake, moshi mweusi unaingia mpaka kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni. Mafuta yale yakikugusa yanababua. Unajipaka majivu vidoleni, unagonga moja moja, na ikivunjika nusu thamani inashuka. Zinahitajika kilo nne mpaka tano za ghafi kupata kilo moja iliyobanguliwa. Vidole vya mama havina mistari. Alipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine ilimkataa mara sita, yule kijana wa usajili akamwambia, "Mama, wewe hupo." Tulicheka sana nyumbani. Sasa nikiiandika naona haikuwa ya kuchekesha kiasi kile.

Tangu mwaka 2007 tuna stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa kwa mizani ya kweli, zinakwenda ghala kuu, na kwa miaka mingi wanunuzi waliweka bei zao kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima, na wakulima wakiona bei ni dharau walikataa. Naupenda utaratibu huu kuliko uliotangulia. Kwa mara ya kwanza mkulima alipewa nafasi ya kusema "basi acha" kama tajiri yangu. Lakini nafasi ya kukataa bei anayo mwenye kusubiri mnada ujao. Mwanzoni malipo yalikuwa kwa awamu, na awamu ya pili ikichelewa au ikapungua watu walichemka. Aprili 2013 kule Liwale nyumba za viongozi zilichomwa moto. Watu wa mbali walishangaa vipi mtu achome nyumba kwa ajili ya shilingi mia chache kwa kilo. Mtu yule alikuwa ameshaahidi zile shilingi mia chache kwa watu watatu.

Halafu ikaja 2018. Oktoba masanduku yakafunguliwa, bei ya juu kabisa haikufika shilingi 3,000, za chini hazikufika hata 2,000. Wakulima wakakataa, nami nikiwa Kariakoo niliona fahari kama mtu aliyeona timu yake inashinda ugenini. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na malori ya jeshi yakateremka kusini kuzibeba. Ili fedha zimfikie mkulima na zisimfikie kangomba, ukafanyika uhakiki, nani ana shamba wapi, lina mikorosho mingapi. Uhakiki ni kazi ya kwenda shambani mguu kwa mguu, na ulichukua muda. Watu wa kangomba walikwama. Hapo ndipo nilipokuja kujua jambo ambalo sikuwahi kujiuliza.

Yule bwana wa bakuli, niliyemchukia tangu 2017, fedha hazikuwa zake. Alikuwa anachukua kwa mtu wa Masasi mjini, kwa riba. Yule wa Masasi naye alikuwa na mkubwa wake. Yeye ni jirani tu aliyesoma mpaka kidato cha nne, asiye na mikorosho kwa sababu baba yake aliiweka rehani kwa misimu mitano, na misimu ikajizaa. Bakuli lake lile lenye kichuguu, robo kilo ya ziada, ndiyo ilikuwa riziki yake. Iliyobaki inapanda juu. Korosho zake zilipozuiwa, wa Masasi hakutaka kusikia habari za uhakiki. Jamaa akauza pikipiki, akauza mabati ya nyumba, akalala msimu mzima wa mvua chini ya paa la nyasi. Mjomba alimpelekea muhogo na ming'oko. Nikamuuliza mjomba kwenye simu, kwa nini umlishe mtu aliyekula laki nne na nusu zako? Akasema, "Nisipomlisha, Februari nitamwendea nani?"

Sasa niwape habari za mama na wenzake, kwa kuwa ndizo zilizonifanya niandike leo.

Wana kikundi cha hisa, wanawake kumi na saba, sanduku la bluu lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Miaka yote walikuwa wakivunja sanduku, yaani kugawana fedha, katikati ya Desemba. Nilimuuliza mama kwa nini Desemba, akajibu ndivyo walivyofundishwa, na ni karibu na sikukuu, watu wapate vitenge. Nikamwambia mama, Desemba kijiji kizima kina fedha, hata mbuzi wana fedha. Mnavunja sanduku siku ambayo hakuna anayelihitaji. Vunjeni Februari.

Hawakulipenda. Mmoja alisema huyo mtoto wako anataka kutuonjesha sikukuu kavu. Mwingine akasema jambo la maana zaidi: sanduku likikaa mpaka Februari, waume watalinusa. Walibishana misimu miwili. Mwaka juzi wakakubaliana nusu kwa nusu, Desemba wagawane faida, mtaji ubaki mpaka wiki ya kwanza ya Februari. Watatu wakajitoa. Waliobaki waliiweka ile nusu nyumba ya mwenyekiti, na mumewe akaambiwa kuwa limeshavunjwa.

Sitaki kulipamba. Mgawo wa mama Februari ile ulikuwa shilingi 210,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye jino na kwenye bati mbili. Alimkopesha kaka yake 60,000, yaani mjomba, kwa riba ya kikundi ambayo ni sukari kilo mbili. Mjomba hakwenda kwenye bakuli kwa ajili ya hizo 60,000. Kwa zilizobaki alikwenda, lakini bakuli hazikufika hata 40. Pande zote mbili za shamba zilipuliziwa Julai.

Na mwaka huu akanipigia mimi kwanza, themanini tu.

Nilipomtumia alinishukuru, kisha akanipa umbeya wa mwezi. Yule bwana wa kangomba amekwenda kwa wanawake wa sanduku, amevaa shati la kupigwa pasi, ameomba kujiunga. Ana mtaji kidogo, anasema amechoka kuwa mkono wa mtu wa Masasi, na yuko tayari kuweka hisa kama mwanachama yeyote. Mwenyekiti hataki hata kumsikia. Mweka hazina anasema hakuna mtu kijijini anayejua kudai madeni kama yeye. Mama yangu amesema atakubali kwa sharti moja, alete bakuli lake litobolewe chini mbele ya kikao.

Kikao ni Jumamosi. Mpaka jana alikuwa hajasema kama atalileta.